Naandika vizuri lakini sifai kuigiza. Je, niache?

"Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu, nina miaka 24. Nimeandika vipindi sita vya vichekesho kuhusu mama mwenye nyumba ya wageni na jirani yake mwenye punda wa mizigo. Kipindi cha kwanza tulikirekodi kwa simu, na mama huyo nilimcheza mimi mwenyewe. Kipande chake nimekutumia. Nikawaonyesha watu wa mtaani na jamaa mmoja wa Nairobi anayefanya kazi za televisheni. Wote wamesema maandishi yanachekesha, ila mimi sifai. Huyo jamaa akaongeza kwamba niwape watu wa pwani uvivu, majini na lafudhi nzito ndipo watu wa bara wacheke, na kwamba yuko tayari kuinunua hadithi nikitia sahihi karatasi yake. Mwalimu wangu wa zamani ananiambia nisome maisha ya Carl Reiner. Nimemtafuta, nikaona ni mzee wa Kimarekani ambaye ameshafariki. Ana nini na mtu wa Lamu? Na kama sina kipaji, si bora niache mapema?"

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikayapigia mstari maneno haya: "Wote wamesema maandishi yanachekesha." Wewe umeyapita mbio kama mtu apitaye mlango wa anayemdai, ukaenda kuketi kwenye "mimi sifai". Umeambiwa mambo mawili, ukasikia moja. Nami katika miaka yote niliyokaa na skripti za watu hapa Malindi, hilo uliloliruka ndilo ninaloliona kwa nadra. Waigizaji wazuri wapo wengi, hata kwenye baraza za kahawa hapo kwenu. Mtu wa kuandika vipindi sita akavimaliza, na watu wakacheka, huyo ni wa kutafutwa.

Mwalimu wako hakukosea. Nadhani alimtaja Carl Reiner, mwandishi na mwigizaji wa vichekesho, kwa sababu lililokupata wewe lilimpata yeye vilevile, tena mbele ya nchi nzima.

Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 20 Machi 1922, mtoto wa fundi saa, Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Ulaya. Alipotoka shule alifanya kazi ya usaidizi kwenye karakana ya cherehani za kushonea kofia. Kaka yake, Charlie, ndiye aliyemwambia kuna darasa la uigizaji la bure, lililoletwa na mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati uchumi umeanguka. Akaenda. Vita vikamchukua jeshini, akaishia kwenye kikosi cha kuwatumbuiza askari. Kisha mwaka 1950 akaajiriwa na kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Sid Caesar kilichorushwa moja kwa moja Jumamosi usiku, akiwa mwigizaji wa pembeni, yule anayemsimamia mchekeshaji mkuu ili ang'ae.

Hapo nataka utulie kidogo. Aliajiriwa kucheza, wala hakuwa na jina kwenye orodha ya waandishi. Lakini alikuwa akienda kuketi katika chumba cha waandishi, pamoja na watu kama Mel Brooks na Neil Simon, akasikiliza, akachangia, akaona mstari mmoja ukivunjwa na kujengwa upya mara kumi kabla haujafika kwenye kamera. Miaka ile ndiyo iliyomfanya mwandishi. Watu wakisema mchekeshaji huzaliwa, mimi hukumbuka chumba kile. Kipaji kipo, sikatai, ila kilichomtoa Reiner ni kuketi na waliomzidi, wiki baada ya wiki, akiangalia kazi inavyofanywa.

Kipindi hicho na kile kilichokifuata vilipokwisha, aliletewa skripti za kuigiza, akaona anaweza kuandika bora kuliko hizo. Akaandika kuhusu alichokijua: mtu anayeandika vichekesho vya televisheni mjini New York, kisha jioni anarudi kwa mkewe na mwanawe katika mji wa New Rochelle. Ni maisha yake yenyewe. Reiner aliishi New Rochelle, barabara ya Bonnie Meadow, nyumba namba 48. Yule mhusika akamweka barabara ileile, namba 148. Akaandika vipindi 13 vizima, na mhusika mkuu akamcheza yeye. Kipindi cha majaribio kikarushwa mwaka 1960, na hakuna aliyekitaka.

Hebu fikiria. Mtu anaigiza nafsi yake, kwa maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, na wenye televisheni wanasema hapana. Alikuwa tayari kuachana nayo. Mtayarishaji mmoja, Sheldon Leonard, alizisoma zile skripti akamwambia kwamba maandishi hayana kosa, kosa ni nani amewekwa kuyacheza. Reiner akakubali kuondoka kwenye nafsi yake mwenyewe. Akaletwa Dick Van Dyke, kijana mrefu mwenye mwili unaokunjika kama kamba, na Mary Tyler Moore akamcheza mke. Kipindi kikaanza upya tarehe 3 Oktoba 1961 kwa jina la The Dick Van Dyke Show. Mwaka wa kwanza nusura kifutwe kwa kukosa watazamaji. Kilipofika mwisho mwaka 1966 kilikuwa na vipindi 158, na kimebeba tuzo 15 za Emmy, zile za televisheni za Marekani.

Sasa swali lako lenyewe: kwa nini aliyeyaishi maisha yale asiweze kuyacheza?

Nitakujibu kwa kipande ulichonitumia. Kwenye onyesho la jikoni, mama anamwita mgeni wake wa Nakuru, "Ndoo! Ndoo!", kwa Kiamu chenu, yaani njoo. Mgeni anasikia ndoo ya maji, anakwenda kuileta. Wazo tamu kabisa. Lakini itazame tena bila sauti. Kabla mgeni hajageuka kuifuata ile ndoo, pembe ya mdomo wako imeshapanda. Unajua kinachokuja, kwa kuwa umekiandika, na uso wako umetangulia kutuambia. Mtazamaji akishaambiwa na uso, neno linamfikia limepoa. Mama yule wa kwenye hadithi hajui kama anachekesha, ana haja yake na ana haraka. Wewe unajua. Kosa hilo huwapata waandishi wengi wanaojichezesha, na huwapata zaidi wale wenye sikio zuri la kichekesho, kwa sababu wao ndio wanaokisikia mapema.

Kuna na jambo la pili. Ukiwa ndani ya onyesho huwezi kuliona. Ulipokuwa umesimama mbele ya simu hakuna aliyekuwa amekaa nyuma akiuliza, "Mtazamaji sasa hivi anajua nini, na mgeni anajua nini?" Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji. Watu hudhani mwongozaji ni mtu wa kupiga kelele "anza" na "kata". Kazi yake hasa ni kuamua jicho la mtu liangalie wapi, na lini.

Tukae kwenye ndoo yako, maana ina mali nyingi kuliko ulivyoitumia. Kama ilivyo sasa, mgeni anakosea, tunacheka, basi. Kicheko hicho kinaishia kwenye neno. Hebu mpe mama kitu cha kuficha. Amemwambia mgeni kwamba nyumba yake ina maji usiku na mchana, na kwa ahadi hiyo amelipwa siku tatu mbele. Pampu imekufa alfajiri. Jirani yuko uchochoroni na punda wawili, mitungi ya plastiki imening'inia ubavuni, anayaingiza maji kwa mlango wa nyuma. Mgeni anaamka, ananyoosha mgongo, anaelekea dirishani. Mama anataka atoke pale upesi. Na mtu akibabaika hurudi kwenye lugha aliyonyonyeshwa, kwa hiyo Kiswahili cha wageni kinamtoka, anapiga kelele: "Ndoo! Ndoo!" Mgeni anasimama, anageuka, anaingia msalani, anatoka na ndoo mkononi. Anaitazama ndoo, anamtazama mama. "Kwani maji hakuna?"

Umeona? Neno alilolirusha limwokoe ndilo limemfichua. Tunacheka, na huku roho zinatuuma kwa ajili yake. Na wewe kama mwongozaji una kazi moja tu hapo: hakikisha mtazamaji amemwona punda kabla ya mgeni kukaribia dirisha. Ukimwonyesha punda baadaye, onyesho limekufa.

Sasa tazama wenzetu. Katika kipindi kimoja cha Reiner cha mwaka 1965, yule mke anaalikwa kwenye mchezo wa maswali wa televisheni, anategwa kwa maneno, anaropoka kwamba bosi wa mumewe, Alan Brady, anavaa nywele za bandia. Kisha anakwenda ofisini kuomba radhi, na bosi ameketi kichwa wazi, nywele zake zote za bandia zimepangwa mezani mbele yake. Hakuna anayejaribu kuchekesha pale. Mke ana aibu ya kweli, bosi ana uchungu wa kweli. Huku kwetu waliokulia na kipindi cha Vioja Mahakamani wameiona kanuni hiyohiyo kwa miaka: mshtakiwa anajitetea mpaka anajifunga kwa ulimi wake. Na Papa Shirandula, aliyechezwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa bawabu anayemficha mkewe kazi yake. Haja, siri, na ulimi. Lafudhi haimo.

Na bosi huyo, Alan Brady, alichezwa na Carl Reiner mwenyewe. Aliacha kiti cha katikati, akakaa pembeni. Mwanzoni tulimwona kisogo tu, uso wake ukaja kuonyeshwa baadaye sana. Kipindi kile cha nywele hata hakukiandika yeye. Kiliandikwa na vijana wawili, Bill Persky na Sam Denoff, aliowapa nafasi. Mimi naona urithi wake mkubwa uko hapo, kuliko hata filamu alizoziongoza baadaye, zikiwemo nne alizofanya na Steve Martin, au tuzo ya vichekesho ya Mark Twain aliyopewa mwaka 2000. Aliwaachia watu nafasi. Hata mchezo wake maarufu na Mel Brooks, wa mzee mwenye umri wa miaka 2,000, yeye alikuwa muulizaji tu. Anauliza kwa makini kama mwandishi wa habari, mwenzake anachekesha. Walibaki marafiki mpaka uzeeni, jioni wakila pamoja mbele ya televisheni, hadi Reiner alipofariki tarehe 29 Juni 2020, akiwa na miaka 98.

Kuhusu uvivu na majini ulivyoshauriwa, naomba usikubali, na hili nalisema kwa uchungu. Nimekaa miaka mingi nikimwona Mswahili wa pwani akiletwa kwenye michezo ya Kenya ili aseme maneno marefu, alale mkekani, aague, aondoke. Hana haja yoyote, hataki kitu, wala hana anachokipoteza. Mtu asiyetaka kitu hachekeshi kwa muda mrefu, huchekwa kidogo akachosha. Mama yako wa nyumba ya wageni ameamka kabla ya adhana ya alfajiri, ana deni la mofa na la mafuta, ana pampu mbovu, ana mgeni. Huyo atachekesha Kisumu na Garissa, na hutalazimika kumwelezea mtu. Reiner hakuondoa mtaa wake ili watu wa mbali waelewe. Aliandika mtaa wenyewe mpaka namba ya nyumba.

Kiamu basi kibaki. "Ndia", "mato", "mai", viache vinywani mwa watu kama wanavyosema. Ila visiwe ndicho kichekesho. Viweke mahali ambapo mtazamaji ataelewa kwa kuona: mtu akiomba mai na akapewa gilasi, hakuna wa Nakuru atakayeuliza maana. Na jambo moja la kuiga kwa Reiner moja kwa moja: alikwepa misemo ya msimu na habari za wiki ile, ndiyo sababu vipindi vile vinatazamika hadi leo. Kwenye kipindi chako cha nne nimehesabu misemo mitano ya mtandaoni ambayo mwaka kesho hakuna atakayeikumbuka. Ifute.

Sitaki kukupamba mambo. Reiner alikuwa na studio, watazamaji wameketi ukumbini, kamera kadhaa, na mtayarishaji aliyeamini kazi yake akaipigania. Wewe una simu, uchochoro ambamo punda wawili hawapishani, mataboti yanayonguruma gatini na adhana kutoka misikiti mingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hesabu yako ni nyingine. Nunua kwanza maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kabla hujafikiria kamera. Kwenye kipande chako nusu ya maneno ya jirani yamemezwa na injini, na kichekesho kisichosikika hakipo. Panga kushuti saa za katikati ya swala, na ndani ya nyumba zaidi kuliko nje.

Njia zilizo mbele yako nazipima hivi. Unaweza kuendelea kumcheza mama mwenyewe na kujifunza. Wapo walioweza, lakini itabidi umpate mtu mwingine wa kuongoza, tena mkali kwako, na hapo Lamu sijui kama utampata upesi. Unaweza kuuza hadithi ukaondoka. Utapata pesa za leo. Au umpe mama mtu mwingine, wewe uandike na kuongoza, na ukipenda ujiwekee kasehemu kadogo pembeni. Mimi nakushauri hii ya mwisho. Kubali pia kwamba itakuuma. Siku ya kwanza utakapomsikia mwanamke mwingine akisema maneno yako, atayasema vibaya kuliko yalivyo kichwani mwako. Siku ya tatu atasema neno moja vizuri kuliko ulivyowahi kulifikiria.

Usimtafute mchekeshaji. Tafuta mama anayeendesha biashara kweli, anayejua kusema "karibu" huku moyo unamdunda. Mpe kurasa mbili. Kaa nyuma ya watu kumi, skripti umeifunga, penseli mkononi, utie alama pale wanapocheka na pale wanapotazama simu zao. Na tafuta wenzako wawili wa kuandika nao, mkutane barazani siku ileile kila wiki. Hicho ndicho chumba chako.

Kama huyo jirani mwenye punda ni mtu wa kweli, nenda kwake kabla ya kurekodi, umsomee. Mji ni mdogo, na heshima yake ni ya wanawe pia.

Mwisho ni ile karatasi. Usiitie sahihi. Nilipoanza kazi hii nilitia sahihi ukurasa mmoja wa kampuni ambayo sitaitaja, nikiwa na furaha mpaka mikono inatetemeka. Kipindi kikarushwa, jina langu halipo, na sikuwa na la kudai kwa sababu nilikuwa nimewapa kila kitu kwa kalamu yangu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ni yako tangu pale ulipoziandika skripti, nayo hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya mwaka wa kufariki. Wazo tupu halilindwi, kinacholindwa ni maandishi, na wewe maandishi unayo. Kumhamishia mtu haki hiyo hufanyika kwa maandishi, ndiyo maana anaitaka sahihi yako. Kumruhusu mtu akitumie kipindi kwa muda fulani ni jambo moja, kumkabidhi hadithi na wahusika wote moja kwa moja ni jambo jingine kabisa, na maneno ya kutofautisha hayo mawili hujificha kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo hilo usilimalize kwa kuniandikia mimi. Sajili skripti zako sita kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili uwe na cheti cha tarehe. Kisha ibebe karatasi hiyo mpaka kwa wakili, hapo Lamu au huku Malindi, aisome mbele yako, neno kwa neno, na umuulize: baada ya sahihi hii, nikitaka kuandika kipindi cha saba, nitaomba ruhusa kwa nani? Na kabla ya kushuti kazi ya kurushwa, chukua leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB. Ukitaka kupiga picha ndani ya ngome pale Mkunguni, zungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Hao wote ni wa kuonana nao uso kwa uso.

Nitumie onyesho la ndoo ukishaliandika upya, kurasa mbili zinatosha, na pembeni uniandikie kwa penseli ni wapi wale watu kumi walicheka.